Risasi Ipi kwa Kongoni?

Kongoni si mnyama wa kutisha. Dume aliyekomaa hufikia kilo 150 hivi, na ukimwona kwa mbali mbugani, na uso wake mrefu na mgongo ulioteremka kuelekea nyuma, unaweza kudhani ni mnyama wa kuchoka upesi. Wawindaji wanamjua vingine. Kongoni aliyepigwa pasipostahili huondoka na risasi mwilini, akaingia kichakani na kuwatembeza wafuatilia nyayo mpaka jua linazama. Ndiyo maana wawindaji wakibishana kambini juu ya bunduki na risasi ya kuwindia wanyama wa ukubwa wa kati, jina lake halikosi kutajwa.

Kwa Mkenya ubishi huo ni wa historia tu, maana nchi yake ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania uwindaji wa leseni ungalipo. Wageni huwinda katika vitalu wakiongozwa na wawindaji bingwa, na wenyeji nao huweza kuomba leseni ya kuwinda kitoweo katika maeneo yaliyotengwa. Kwa wote hao sheria hutangulia bunduki. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 ndiyo inayosema nani awinde nini, wapi na kwa njia gani, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayosema nani aruhusiwe kumiliki silaha. Rashasha haina nafasi porini, wala tochi ya usiku, wala kumfyatulia mnyama ukiwa umeketi ndani ya gari.

Wanyama wa kati wenyewe ni kundi pana. Chini kabisa wapo tohe, pongo na swala pala, ambao dume wao huwa na kilo 50 hadi 75. Ngiri dume hupita kilo 100 bila shida. Kongoni na nyamera wanafuata, kisha nyumbu, kuro na palahala wenye kilo 200 na ushei, na juu kabisa tandala mkubwa, ambaye dume lake hukaribia kilo 300. Pofu, anayeweza kufikia kilo 700 na zaidi, anahesabiwa peke yake, na nyati ni habari nyingine kabisa. Kati ya swala pala na tandala kuna tofauti ya uzito mara nne au tano, na mwindaji wa kawaida anataka bunduki moja itakayowatosha wote wawili.

Kilichomo ndani ya ganda

Risasi kamili ina vitu vinne: ganda la shaba ya njano, fataki iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa kinachochomoza mbele. Ukivuta triga, msumari wa bunduki unaigonga fataki, fataki inawasha baruti, na gesi ya moto inakisukuma kichwa mtutuni. Ndani ya mtutu wa raifo kuna michirizi iliyojipinda, nayo ndiyo inayokizungusha kichwa kikaenda kimenyooka. Mtutu wa shotgani hauna michirizi hiyo, ndiyo maana bunduki ya marisau, iliyo nzuri kwa kanga na kwale, si ya kumpigia kongoni aliye mita 120.

Majina ya risasi humchanganya mnunuzi kwa sababu hayafuati utaratibu mmoja. Wamarekani na Waingereza hupima kwa inchi, Wajerumani kwa milimita. Risasi ya .30-06 ina kipenyo cha inchi .30, na hiyo 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Ile ya 7x57 ina kipenyo cha milimita 7 na ganda la urefu wa milimita 57. Ilitoka kiwandani kwa Mauser mwaka 1892, kisha Waingereza wakaiita .275 Rigby na kuiuza kama mali yao. Risasi ya .308 Winchester, iliyoingia sokoni mwaka 1952, ina kichwa chenye kipenyo kilekile cha .30-06, lakini ganda lake ni la milimita 51 badala ya 63.

Tofauti hiyo ya milimita 12 si ya kupuuza. Ganda lililo fupi kuliko chemba, sehemu ya mtutu linamokaa, linaweza kupasuka na kurudisha gesi ya moto usoni mwa mpigaji. Kila ganda limepigwa muhuri wa jina lake kwenye kitako, kuizunguka fataki, na kila mtutu wa kuaminika umechorwa jina la risasi yake karibu na chemba. Maandishi hayo mawili yanapaswa kufanana herufi kwa herufi. Risasi iliyofutika muhuri, au iliyopatikana kwa jirani bila boksi, haifai kuingizwa katika bunduki yoyote.

Uzito wa kichwa nao hupimwa kwa greni, kipimo cha zamani cha Kiingereza. Greni 180, uzito unaopendwa sana kwa .30-06, ni sawa na gramu 11.7.

Hesabu ya nguvu

Nchi za kusini mwa Afrika zimejaribu kumaliza ubishi kwa tarakimu. Zimbabwe inapima nguvu ya risasi kwa jouli inapotoka mtutuni: kwa ngiri na swala pala inataka angalau jouli 850, na kwa tandala, kuro, kongoni, nyumbu na pundamilia jouli 3,000 na kipenyo kisichopungua milimita 7. Nyati na tembo wanadai jouli 5,300. Namibia ina ngazi zake: jouli 1,350 kwa swala wadogo, 2,700 kwa kongoni, tandala na choroa, na 5,400 kwa nyati na tembo. Tanzania, kwa wanyama wa hatari kama nyati na tembo, kipimo kinachojulikana na kila mwindaji bingwa ni kaliba .375 kwenda juu.

Ukiziweka risasi za kawaida juu ya mizani hiyo, mambo yanaanza kujipanga. Risasi ya .223, ndugu wa ile ya bunduki ya M16, ina jouli 1,700 hivi: yatosha kwa swala mdogo mikononi mwa mtu hodari, haitoshi kwa kongoni. Ile ya 7x57 inafika karibu 3,000. Risasi za .270 Winchester na .308 zipo kwenye 3,600 hivi, na .30-06 inakaribia 3,900. Ya .300 Winchester Magnum inavuka 4,700. Ya .375 H&H, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, ina zaidi ya 5,700.

Tarakimu hizo ni za mdomo wa mtutu. Hewa hupunguza kasi, na kasi ikipungua nguvu huporomoka. Risasi ya .30-06 iliyotoka na jouli 3,900 inaweza kumfikia mnyama aliye mita 200 ikiwa imebaki na chini ya 3,000. Kwa hiyo anayechagua risasi inayogusa tu kiwango cha sheria ajue kwamba anaitegemea kwa umbali mfupi.

Waliopita na bunduki zao

Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Alikuja na bunduki kubwa ya mitutu miwili kwa ajili ya tembo na vifaru, na Winchester ya kaliba .405 aliyoipenda kwa simba. Lakini kwa wanyama wa mbugani mara nyingi alishika Springfield ya .30-06, risasi iliyokuwa na umri wa miaka mitatu tu. Baba na mwana waliangusha wanyama zaidi ya 500, idadi ambayo leo ingemshtua afisa yeyote wa wanyamapori, na .30-06 ikajipatia jina Afrika Mashariki kwa safari hiyo moja.

Wajerumani walikuwa na jibu lao. Mwaka 1905 Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, alitengeneza risasi ya 9.3x62 akiwalenga walowezi na maafisa waliokuwa wakienda makoloni ya Afrika, Tanganyika ya baadaye ikiwemo. Ujanja wake ulikuwa kwamba iliingia katika Mauser ya 1898 ya kawaida, bunduki ya bei nafuu, bila kuhitaji mtambo mkubwa wa gharama. Mlowezi mwenye bunduki moja aliweza kupiga swala wa kula na kumkabili nyati aliyevamia shamba. Risasi hiyo ingali ikitengenezwa hadi leo.

Kisa kinachotajwa mno, na kueleweka vibaya mno, ni cha W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda pembe za ndovu Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, hata akaitwa Karamojo Bell. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi aliwapiga kwa 7x57, risasi ambayo leo inahesabiwa kuwa ya swala. Wanaopenda kaliba ndogo humtumia kama shahidi wao. Wanasahau kwamba Bell alilipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, kwamba alitumia vichwa vigumu visivyopanuka, na kwamba alikuwa mlenga shabaha wa kiwango ambacho watu wachache wamekifikia. Alichothibitisha ni uwezo wa kichwa chembamba, kirefu na kigumu kupenya mbali kikiongozwa na mkono wa Bell. Hakuthibitisha kwamba 7x57 ni bunduki ya tembo, na sheria za leo zinakubaliana na hilo.

Risasi hiyohiyo, kwa jina lake la .275 Rigby, ilikuwa ya Jim Corbett, mwindaji wa chui na chui milia wala watu nchini India. Alipewa bunduki yake kama tuzo mwaka 1907. Alipostaafu alihamia Nyeri, Kenya, na huko ndiko alikofariki mwaka 1955.

Kichwa ndicho kinachofanya kazi

Mwindaji mgeni huuliza kwanza kaliba. Mzoefu huuliza kwanza kichwa. Sababu ni kwamba mnyama haguswi na bunduki, wala na ganda, wala na baruti. Anaguswa na kipande cha gramu kumi na kitu, na namna kipande hicho kinavyobadilika umbo ndani ya mwili ndiyo inayoamua kama atalala baada ya hatua 50 au atapotea.

Vichwa vya kijeshi vimefunikwa shaba mpaka nchani. Havipanuki. Hupita kwenye mapafu ya swala vikaacha tundu jembamba, na mnyama anaweza kukimbia kilomita nzima kabla ya kuanguka mahali asipoonekana. Kwa wanyama wa kati vinavyotakiwa ni vichwa laini, ambavyo ncha yake ya madini ya risasi iko wazi ili ijifungue kama uyoga inapokutana na nyama. Navyo vina hila yake: vikiwa laini kupita kiasi, na kasi ikawa kubwa, hupasukia juu ya mfupa wa bega bila kufika kwenye moyo.

Jambo hilo lilimkuta Mmarekani John Nosler mwaka 1946, alipompiga kulungu mkubwa wa Kanada aliyejipaka matope na vichwa vyake vikashindwa kupenya. Alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa shaba: cha mbele kinapanuka, cha nyuma kinabaki kizima na kuendelea na safari. Baadaye vikaja vichwa ambavyo madini yake yameunganishwa na gamba la nje yasiachane, na mwaka 1989 kampuni ya Barnes ikatoa kichwa cha shaba tupu, kisicho na madini ya risasi hata chembe.

Hicho cha mwisho kina faida nyingine. Kichwa cha kawaida kikipanuka hutawanya vipande vidogo, vingine visivyoonekana kwa macho, sentimita kadhaa kuzunguka jeraha. Madini hayo ni sumu. Tai mizoga wanaokula matumbo yaliyoachwa porini huyameza, na familia inayopika nyama iliyokatwa karibu na tundu huyala pia. Jimbo la California, Marekani, liliona ndege wakubwa aina ya kondori wakifa kwa sumu hiyo, na tangu Julai 2019 limekataza kabisa kuwinda kwa risasi zenye madini hayo. Kwa anayewinda kitoweo na hana vichwa vya shaba, hatua ya chini ni kuikata na kuitupa nyama yote iliyovilia damu pande zote mbili za jeraha.

Teke, umbali na mkono wa mpigaji

Kila jouli inayokwenda mbele ina gharama yake begani. Bunduki ya .375 hupiga teke karibu mara mbili ya .30-06, na .30-06 nayo huizidi 7x57 kwa mbali. Tatizo si maumivu. Mtu anayelitarajia teke hufumba macho na kuikwatua triga kabla ya wakati, na kichwa kinatua sentimita 20 kutoka kilipolengwa. Kwa swala pala hizo sentimita 20 ndizo zinazotenga mapafu na utumbo.

Umbali nao hukuzwa sana katika hadithi za kambini. Katika miombo ya magharibi na kusini mwa Tanzania, miti na nyasi haziruhusu mtu kuona mbali, na risasi nyingi hupigwa kati ya mita 50 na 150. Huko kasi ya ajabu haina kazi. Kinachotakiwa ni kupata upenyo usio na vijiti, maana hata kijiti chembamba hukipotosha kichwa. Mbuga za wazi za kaskazini ni tofauti, ila hata huko mita 200 ni mbali kwa mtu asiyefanya mazoezi. Bunduki ya .30-06 iliyorekebishwa ipige sawasawa mita 200 hupiga juu kidogo, sentimita 5 au 6, kwenye mita 100, na kwenye mita 300 hushuka karibu robo mita. Anayekisia umbali vibaya hupiga chini ya kifua.

Wenye busara hutumia fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu na kutandazwa miguu, wakaegemeza bunduki hapo. Kusimama na bunduki mikononi bila egemeo, moyo ukidunda baada ya kunyata nusu saa, ni namna mbaya kuliko zote ya kupiga.

Kuhusu mahali pa kulenga, swala wa Afrika wana moyo ulio chini na mbele, katikati ya mabega. Kwa mnyama aliyesimama ubavu, mwindaji hufuata mguu wa mbele kwenda juu na kusimama kwenye theluthi ya kwanza ya kifua. Akiwa amekaa mshazari, lazima afikirie kichwa kitatokea upande wa pili wapi, kisha alenge kwa kuanzia huko.

Baada ya mlio, kazi ni ya mfuatilia nyayo. Huinama pale mnyama alipokuwa amesimama kabla ya kutazama alikokimbilia, akasoma damu kwenye majani. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, na mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi nzito ni ya ini. Wanasubiri nusu saa au zaidi ili alale mwenyewe badala ya kumsukuma. Ikiwa na vipande vya kijani vya majani yaliyotafunwa na harufu ya tumbo, kila mtu kambini anajua kwamba siku itakuwa ndefu, na hapo hakuna anayeuliza tena kaliba.

Dukani na kambini

Kwa mnunuzi mwenye leseni mkononi, orodha ya kweli ni fupi. Bunduki ya komeo, inayokokiwa kwa mkono, ndiyo inayostahimili vumbi na mvua na kusafishwa kirahisi. Mifano mingi ya leo ni vizazi vya ile Mauser ya 1898. Uzito wa kilo 3.5 hadi 4 pamoja na darubini unabebeka siku nzima na bado unameza sehemu ya teke. Darubini ya kukuza mara 2 hadi 7, au 3 hadi 9, yatosha, mradi ianzie chini: mwenye darubini kubwa mno hukutana na ngiri aliye mita 30 akaona manyoya tu. Kitako kipimwe kwa urefu wa mkono wa mwenyewe, kwani kitako kirefu kwa mtu mfupi huongeza teke.

Kuhusu risasi, .308 na .30-06 ndizo zinazopatikana kwa urahisi zaidi karibu kila nchi, na hilo ni jambo kubwa kuliko tofauti ya jouli 300 kati yake. Risasi ya 7x57 yenye kichwa kizuri humtosha kongoni na inambembeleza mpigaji mwepesi wa mwili, lakini si kila duka litakuwa nayo. Ya .270 ni nzuri penye uwazi. Anayetazamia pofu au nyati siku moja atavutiwa na .375, na kwa vichwa laini inawaangusha hata swala bila kuharibu nyama kama watu wanavyodhani, ila gharama ya kila risasi na teke lake humpunguzia mazoezi.

Katika kambi za uwindaji wa kitalii ubishi huu humalizwa siku ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kuingia porini. Mwindaji bingwa hubandika karatasi kwenye mti au boksi umbali wa mita 100 na kumwomba mgeni apige risasi tatu. Sababu inayotajwa ni darubini, maana safari ya ndege na barabara mbovu huweza kuisogeza. Wakati mgeni anaitazama karatasi, bingwa anamtazama mgeni: bega, kidole, kope. Kope zikifumba kabla ya mlio, mazungumzo ya upole hufuata, na si mara moja wageni waliokuja na Magnum mpya ya bei mbaya wameondoka asubuhi wakiwa na .30-06 kuukuu ya kambi, wakapewa na maboksi mawili ya kuizoea.